Ramani imetoka na mistari iliyokatika? Usikimbilie kununua wino

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie wenye steshenari pale Mwanjelwa, Tukuyu na Iringa mjini mnaowachapia watu ramani za nyumba. Leo tunashughulikia plota, ile mashine ya kuchapia ramani kubwa, inayokata mistari au kupotosha vipimo.

Kwanza, kompyuta iacheni. Ingieni kwenye menyu ya plota yenyewe, ichape ukurasa wa majaribio. Mnaona huu? Nyeusi ina mapengo, kwa hiyo tatizo liko kwenye mashine. Ungetoka safi, tungelitafuta kwenye faili.

Sasa bonyezeni usafishaji wa kichwa cha kuchapia, mara moja tu, halafu mjaribu tena. Bado kuna mapengo? Rudieni mara ya pili. Msiendelee kubonyeza mfululizo, kila usafishaji unakunywa wino.

Na hapa nawaomba sana: msizime plota ukutani! Zimeni kwa kitufe chake, ili kichwa kirudi kwenye mfuniko wake. Kikibaki wazi usiku kucha, hasa msimu huu wa kiangazi hewa ikiwa kavu, wino unagandia kwenye matundu. Umeme ukikatika ghafla, ukirudi washeni, kisha mzime kwa kitufe. Wa Tukuyu, kwenu mvua nyingi: funikeni roli la karatasi kwa nailoni, karatasi yenye unyevu hutawanya wino.

Mistari imetulia? Chukueni rula. Ramani ya kipimo cha 1:100, yaani sentimita 1 karatasini ni mita 1 ya nyumba, ukuta wa mita 5 lazima usome sentimita 5. Huu wangu unasoma 4.8. Fundi akiuamini, atachimba msingi wa mita 4.8, na hasara ni ya mwenye nyumba. Rudini kwenye dirisha la kuchapa, ondoeni alama ya kutosheza ukurasa, wekeni asilimia 100. Hakikisheni pia saizi ya karatasi: ramani ya A1 ikisinyazwa iingie kwenye A3, ambayo pande zake ni nusu, 1:100 inageuka 1:200 ingawa maandishi bado yanasema 1:100.

Mstari unaonekana kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, lakini karatasini haupo? Angalieni leya yake, yaani tabaka la mchoro ulimowekwa. Vilivyo kwenye leya iitwayo Defpoints havichapwi, vihamishieni leya nyingine.

Mwisho, mwombeni mchoraji aweke mstari wa kipimo, ule wenye alama za mita, pembeni mwa ramani. Huo husinyaa pamoja na mchoro, kwa hiyo hata nakala ya A3 itapimika.