Inueni Jiwe Kwanza

Mwenyekiti, walimu, wazee wangu wa kamati za maji, mama zangu mnaolima kahawa huku mlimani: asanteni kwa kunialika Mbale. Mlioshawahi kunisikia mtanivumilia, maana neno langu ni lile lile. Mkitaka kujua kama kijito cha msituni ni kizima, msitosheke na chupa ya maji. Inueni jiwe.

Narudia kisa cha kijito kimoja cha upande huu wa Mlima Elgon. Jina lake naliacha. Akina mama walilalamika kwamba kila msimu wa kahawa maji hunuka alfajiri. Ofisi moja ikatuma mtu. Alifika saa nne asubuhi, akajaza chupa, akaondoka nayo. Karatasi ikarudi: maji hayana tatizo. Wale mama wakaambiwa waache fitina! Niliposoma ile karatasi niliumia, kwa sababu haikuwa na uongo. Maji ya saa nne yalikuwa safi kweli. Lakini mashine ya kumenya kahawa huko juu ilikuwa ikimwaga maji yake usiku. Maji yale yana utelezi na sukari ya tunda. Yakiingia kijitoni, bakteria huila ile sukari na kumaliza oksijeni. Ikifika saa nne yameshateremka, yako mbali.

Tukaingia na wavu na beseni jeupe. Upande wa juu wa kijito, kabla ya kufika kwenye mashine, kwenye kivuli cha msitu, jiwe la kwanza nililoinua lilikuwa la ukubwa wa kiganja. Chini yake alikuwa amejibana mdudu bapa mwenye mikia miwili, na makwapani pa miguu yake vishada vyeupe vya kupumulia. Pembeni yake mwingine wa mikia mitatu, ubavuni ana vijani vinavyopepea bila kupumzika. Na mwingine ndani ya kijumba alichojijengea kwa chembe za mchanga, amezigundisha kwa uzi wake mwenyewe. Tukashuka upande wa chini, tukaipita mashine kwa hatua mia mbili tu. Tuligeuza mawe arobaini. Utelezi wa kijivu, na viminyoo vyekundu vinavyojikunja. Wekundu ule ni hemoglobini, ya aina kama iliyo katika damu yetu. Ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni kidogo. Wa mikia miwili hatukumpata hata mmoja.

Yule mdudu hukaa majini miezi kabla hajaota mabawa. Kila usiku mbaya unampata. Chupa ilikuwa mtoni dakika moja.

Najua mtaniuliza: basi maabara haina kazi? Inayo, na kubwa. Mdudu hawezi kukuambia kama kuna vijidudu vya kipindupindu. Kijito kizima bado unachemsha maji yake ndipo unywe. Maji kunyweka na kijito kuwa kizima ni maswali mawili, na ile ofisi ilijibu moja kwa jibu la lingine.

Wengine husema kuhesabu wadudu ni kubahatisha. Hapana. Wenzetu wa Afrika Kusini wana utaratibu uitwao SASS, ambao kila jamii ya wadudu ina alama yake kuanzia 1, kwa wanaovumilia uchafu, hadi 15, kwa wasiouvumilia. Jamii ya vile viminyoo vyekundu ina 2. Yule wa mikia miwili ana 12. Unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya jamii ulizopata. Huo wastani ndio wa kuushika, kwa sababu kijito chembamba huenda kikawa na jamii chache tu na bado kikawa kizima.

Mzee mmoja aliniuliza swali la haki: nzi wa upofu wa mto je, si naye anazaliwa kwenye vijito hivi hivi vya msituni? Ni kweli. Viluwiluwi vyake hujishika kwenye gamba la kaa wa mtoni, na ndiyo maana milima hii iliwekewa dawa mtoni na watu wakanywa Mectizan, vidonge vya ugonjwa huo. Lakini mzee wangu, ugonjwa tunapambana nao kwa dawa zake. Kaa yule ndiye anayetafuna majani yanayoanguka majini na kuyafanya chakula cha wengine. Ukiua kijito kizima kwa sababu ya nzi mmoja, umejinyima maji na msitu.

Muda unakwisha, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Kivuli: maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto, basi mkikata miti ya ukingoni mmekwisha kukidhuru kijito hata kama hakuna aliyemwaga kitu. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinataka mita 30 zisiguswe kila upande wa mto mdogo; pimeni kwenu mwone. Tope: likijaza nafasi kati ya mawe, wadudu hawana pa kukaa. Na msipime siku ya baada ya mvua kubwa, wadudu wengi wanakuwa wamesombwa.

Kesho saa mbili asubuhi tunakutana darajani. Beseni na wavu ninavyo. Njooni na viatu vya kulowa, na yule mama aliyesikia harufu alfajiri atangulie, atuonyeshe pa kuanzia.