Ushanga wa Ganda la Yai la Mbuni

Wazee wangu, ndugu zangu, nanyi vijana mlioacha kazi zenu kuja hapa, asanteni.

Nianze na marehemu mmoja wa pango la Shanidar, kaskazini mwa Iraki. Alikuwa Mneandatali, yaani mmoja wa binadamu wa kale wa Ulaya na Asia ya Magharibi, wa jamii tofauti na yetu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyauka, jicho la kushoto lilikuwa limeharibika, na alitembea akichechemea. Majeraha yale yalikuwa yamepona miaka mingi kabla hajafa. Mtu wa hali ile hawindi peke yake akashiba, walikuwapo waliomlisha. Kwa hiyo naomba tuiache kabisa ile hadithi kwamba Waneandatali walikuwa wapumbavu. Ubongo wao ulikuwa mkubwa kama wetu, moto waliujua, na baridi ya Ulaya waliihimili vizazi kwa vizazi. Hata hivyo, miaka 40,000 hivi iliyopita wakatoweka.

Wapo wanaotaja hali ya hewa, wapo wanaotaja silaha. Mimi natazama ujirani.

Mwaka 2024 watafiti walitangaza vinasaba vya Mneandatali wa pango la Mandrin, kusini mwa Ufaransa, waliyempa jina Thorin. Jamii yake ilikaa takriban miaka 50,000 bila kuchanganya damu na Waneandatali wengine, ingawa wapo walioishi mwendo wa siku kumi hivi kwa miguu. Siku kumi! Na muda wote huo hakuna aliyekwenda kuoa upande wa pili.

Sasa tazameni nilichoshika. Ni ushanga wa ganda la yai la mbuni, nimeutengeneza mwenyewe kwa njia ya kale: unavunja ganda, unakitoboa kipande kwa ncha ya jiwe, ukizungusha polepole kisipasuke, kisha unasugua kingo juu ya jiwe mpaka kiwe duara. Shanga za namna hii zimepatikana Magubike, Iringa, na Kisese, Kondoa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipima shanga zaidi ya 1,500 za Afrika Mashariki na ya Kusini. Kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita zilifanana mno, japo watu hao walitenganishwa na kilomita 3,000 hivi. Basi walikuwa wakifikiana, jirani kwa jirani.

Kule jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, Wasani, wawindaji wa jadi wa huko, waliendelea kupeana shanga hizi hadi karne iliyopita, desturi inayoitwa hxaro. Ukame ukikupiga kwako, unahamia kwa yule mliyepeana zawadi, naye anakupokea. Undugu ni kufaana, si kufanana. Naamini hapo ndipo tulipowazidi Waneandatali: watu wachache waliojitenga, wakifiwa na wawindaji wawili majira ya baridi, wanakimbilia kwa nani?

Wala sisi hatukusalimika kila mahali. Katika pango la Oase, Romania, ulipatikana mfupa wa taya wa mtu wa jamii yetu aliyeishi miaka 40,000 hivi iliyopita. Vizazi vinne hadi sita nyuma yake alikuwapo babu au bibi Mneandatali. Ukoo huo haukuacha alama ya kuonekana kwa watu wa Ulaya wa leo, nao ulikatika. Lakini nyuma yao walikuwapo wengine wa jamii yetu, wakaja wakakaa. Nyuma ya Thorin hakuwapo mtu.

Ushanga huu naupitisha, ushikeni. Gusa tundu lake: upande mmoja pana, upande wa pili jembamba. Hapo penye upana ndipo ncha ya jiwe ilipoingilia.