Mtoto Yuko Wapi Mama Akiwa Darasani?

Wakuu wa vyuo, wakufunzi wenzangu, na ninyi wanachuo mliojibana huko nyuma kama vile mmekuja kuadhibiwa, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jinsi vyuo vya maendeleo ya wananchi vinavyowahudumia wale ambao shule iliwaacha njiani. Mada ni pana. Mimi nitaanzia kwenye chumba cha watoto, ambacho katika vyuo vingi ndicho chumba kidogo kuliko vyote.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alikuwa ameviona vyuo vya wananchi kule Uswidi, ambako mkulima mtu mzima alikaa darasani bila kuulizwa alipata daraja gani. Huku kwetu kisomo kilikuwa kimepamba moto. Mwaka 1970 wote ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sasa mtu amejua kusoma akiwa na miaka arobaini, aende wapi? Ndipo vikaja vyuo hivi, hamsini na kitu, vingi vikiwa mbali na lami. Ukijua kusoma, kuandika na kuhesabu, karibu.

Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo, nami nilijivunia hilo miaka mingi, mpaka siku niliposhtuka.

Nilikuwa nafundisha ushonaji katika chuo ambacho sitakitaja. Akaja binti kujiandikisha, mtoto mgongoni. Akaulizwa, huyu atabaki na nani? Akasema, na bibi yake. Basi akaanza. Mikono yake ilikuwa myepesi; siku ya nne tu alikuwa anaunga kola ambayo wengine huichezea mwezi mzima. Lakini kila ikifika saa nne, maziwa yalikuwa yanalowesha blauzi. Alikuwa anakunja kanga, anaiweka kifuani, anainamia cherehani kama anatafuta sindano iliyoanguka. Niliona. Na mimi ni mama, nilijua ninachokiona, nikanyamaza ili nisimwaibishe.

Wiki ya tatu hakuja. Kwenye daftari la mahudhurio nikaandika: mtoro.

Ndiyo, mimi niliyeandika, kwa kalamu yangu mwenyewe. Tuliandika mtoro kwa mtu aliyekuwa anatembea alfajiri kumpeleka mwanawe kwa bibi, kisha anageuza njia kuja kwetu, jioni anairudia njia ileile. Kuna aliyekwenda kumtafuta? Hakuna. Tulijaza nafasi yake.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na mimba ikahesabiwa humohumo. Mwaka 2017 kauli ikatoka juu kabisa kwamba aliyezaa harudi. Novemba 2021 Serikali ikafungua mlango wa shule. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Ila binti aliyefukuzwa akiwa kidato cha pili mwaka 2012, leo ana watoto wawili na kibanda cha vitumbua. Huyo harudi kuvaa sketi ya shule apange mstari na watoto wa miaka kumi na mitano. Huyo ni wetu.

Ndiyo maana mpango wa Elimu Haina Mwisho ulinigusa. Binti anasoma masomo ya sekondari akijiandaa kwa mtihani, papo hapo anajifunza fani na biashara, na mtoto wake yuko palepale chuoni na mlezi. Nimekaa kwenye chumba kimojawapo asubuhi nzima. Magodoro ukutani, sufuria ya uji, vikombe vya plastiki vilivyoandikwa majina kwa rangi ya kucha. Saa nne kina mama wanakuja, wananyonyesha, wanarudi karakana. Hakuna anayeinamia cherehani kutafuta sindano. Dakika ishirini tu, jamani. Mwanafunzi wangu niliyempoteza alihitaji dakika ishirini na mkeka.

Kuhusu fani nitasema kwa kifupi, maana hapa nami ni mshtakiwa. Miaka yote kila msichana aliyekuja alielekezwa ushonaji au mapishi, nami nilifurahi kwa kuwa darasa langu lilijaa. Mjini cherehani ziko kila kibaraza. Fundi umeme wa kike bado anatafutwa. Muulizeni kwanza anataka nini. Na mwenye ulemavu msimwambie "karibu" wakati mlango wa karakana una ngazi tatu na hakuna mteremko.

Kozi ndefu nazo zina lake: masika yakianza, nusu ya darasa iko shambani. Tumewalaumu weee. Kozi fupi za baada ya mavuno hazina tatizo hilo, lakini ratiba tunazipanga sisi wenye mshahara.

Sasa swali ambalo linaninyima usingizi. Mlezi wa watoto mara nyingi analipwa na mradi. Mradi una mwanzo na mwisho. Cherehani ikiharibika tunajua inaandikwa kifungu gani cha bajeti. Mlezi je, anaandikwa wapi? Nimewauliza wakuu wa vyuo wawili. Mmoja akasema tutaangalia, mwingine akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mkuu pale mbele, nimeona umenyanyua mkono tangu nilipotaja bajeti. Mpeni kipaza sauti.