Doh ya Nani? Kupanga Sauti kwa Kwaya ya Watoto, Vijana na Wazee

(Mhadhara kwa walimu wa kwaya, Tabora mjini)

Mwangaluka, walimu! Humu ndani naona Wakatoliki, Wamoraviani, Waanglikana na ndugu zetu Wapentekoste. Nikianza na salamu ya dhehebu moja, wengine watanuna kabla sijafika mbali. Basi nimechukua ya wenyeji.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, ndiyo kwanza nimejua kusoma nota, na mtu aliyejua nota jana mnamfahamu: hashikiki. Ikaja sherehe kubwa, kwaya tatu zikaunganishwa. Watoto, vijana, na ile kwaya ya wazee ambayo kila mahali huitwa kwaya kuu hata kama wamebaki watu tisa. Nikaambiwa nipange wimbo mmoja wa kuimbwa na wote. Nikakesha. Nikaandika sauti nne, soprano, alto, teno na besi, safi kabisa, na juu ya karatasi nikaandika: Doh ni A, yaani doh, nota ya kwanza ya ngazi, ikae kwenye A ya kinanda.

Siku ya mazoezi nikasimama mbele, nikatoa doh kwa koo langu. Watoto wakaipokea palepale walipoisikia, chini. Mtoto wa darasa la pili akilazimishwa kuimba chini hivyo, ananguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikawaambia, "Pandeni!" Wakapanda, oktava nzima, yaani hadi A inayofuata juu, na wimbo wenyewe ulikuwa unapanda hadi doh ya juu. Walipofika pale, mishipa ya shingo imesimama na nusu yao wanapiga kelele tu. Wazee nao pumzi ikawaishia katikati ya mstari. Na nyuma, upande wa alto, kulikuwa na wavulana watatu wa miaka kumi na tatu hivi, wanafungua midomo bila kutoa kitu. Nikawafokea: kama hamtaki kuimba, mlango ule pale.

Wakatoka. Hawakurudi. Sherehe ilipita, wimbo ukasahaulika, lakini wale watatu bado wananidai, na mhadhara huu wote ni wa kwao.

Turudi kwenye karatasi yangu. Ilikuwa na makosa gani? Kwa nota, hakuna. Ungeipeleka kwa mtahini angenipa alama. Kosa ni kwamba nilipangia sauti nne zilizo kitabuni, na mbele yangu zilisimama sauti sita au saba ambazo sikuwa nimezisikiliza hata siku moja. Siku hizi sishiki kalamu kabla sijakaa na watu jioni mbili nzima wakiimba nyimbo wanazozijua, mimi nikizunguka nyuma yao na daftari. Naandika: huyu anafika wapi juu bila kukunja uso, wapi chini bila kupotea. Basi. Hakuna mtihani, hakuna kumsimamisha mtu peke yake mbele za wenzake.

Utakachokikuta kwa watoto wa miaka sita hadi minane ni nyumba ndogo tu. Inaanzia D, ile iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, inaishia A au B juu yake. Nota tano, sita. Wa miaka tisa hadi kumi na mbili wanaongezeka juu, na ukiwalea vizuri wanakupa sauti ambayo hakuna mtu mzima anayeiweza. Ila tatizo lao kubwa ni sisi wanaume tulio mbele. Mwanamume akiimba mfano, anaimba oktava moja chini ya mahali pao. Mtoto mkubwa anajua kutafsiri, mdogo hajui: anafuata anachosikia, ananguruma, kisha tunasema hana sikio. Sikio analo! Amekuiga wewe sawasawa. Mfano atoe mwanamke, au mtoto mwenzao mwenye uhakika, au filimbi, au kinanda. Kama uko peke yako, imba kwa ile sauti nyembamba ya juu. Watacheka siku ya kwanza. Siku ya pili wataimba.

Naona mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Hata shuleni, eh? Asubuhi mstarini mwalimu wa zamu anaanzisha wimbo wa taifa kwa koo lake, shule nzima inahangaika chini, halafu analaumu uzalendo wao.

Na hii solfa tunayoiandika kila siku, ya doh, re, mi, yenye nukta mbili na mistari, ilizaliwa kwa ajili ya wanafunzi wadogo. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeibuni katika kufundisha kuimba, John Curwen akaichukua, akairekebisha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840. Ikasafiri na wamisionari hadi huku kusini mwa jangwa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, mwaka 1897 alitunga kwa solfa wimbo ambao ndio umezaa wimbo wetu wa taifa. Uzuri wake ni mmoja: doh inahama. Ukiandika Doh ni A na waimbaji wanateseka, futa A, andika F, na nota zote zilizobaki hazibadiliki hata moja. Mimi usiku ule ningeweza kufuta herufi moja tu. Sikufuta, kwa sababu kitabuni iliandikwa A.

Sasa wale wavulana. Mvulana akibalehe, koromeo linakua na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Mwisho wa safari sauti itakuwa imeshuka kama oktava moja. Lakini safari yenyewe inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na humo njiani ana nota chache sana za kutegemea. Kwa kawaida ni kuanzia A iliyo chini ya C ya katikati hadi F iliyo juu yake. Alto inampita juu. Teno inamkwepa chini, besi inamkwepa chini zaidi. Hana sauti karatasini, basi anafungua mdomo na kunyamaza, maana akitoa sauti inakwaruza na wasichana wanacheka. Kisha anaambiwa mlango ule pale.

Dawa yake si kumpumzisha benchi, ni kumwandikia. Chukueni Doh ni F. Watoto wa miaka tisa na zaidi waimbe hivi: doh doh mi mi so, fa re doh. Wepesi kabisa, na hakuna mahali wanapozidi C ya juu. Chini yao waandikie wavulana: so so doh doh doh, la ti doh. Hizo so, la na ti ni za chini. Hebu hesabuni: nota nne tu. Kutoka C ya katikati hadi F. Zote zimo ndani ya nyumba yake. Na haijarudia wimbo wa watoto. Mtoto akipanda mi, yeye anashika doh, mtoto akishuka fa na re, yeye yuko la na ti, wanakutana doh. Mvulana anasikia kwamba bila yeye wimbo una tundu.

Kuna siku nilikuwa naandika mstari kama huo, nikautazama nikasema, huu mbona naujua? Ulikuwa ni mstari wa bibi. Mwanamke akizeeka sauti inashuka; yule aliyekuwa soprano wa kutikisa mabati sasa anaona aibu pale juu, lakini hapo karibu na C ya katikati amejaa tele. Wanaume wazee mambo ni kinyume kidogo, wengi wao besi inapungua uzito na kupanda. Lakini bibi na mjukuu aliyebalehe, jamani, wanakaa nyumba moja! C hadi F ileile.

Nikawaweka benchi moja. Nilikuwa nimeogopa wavulana watakataa kukaa na akina bibi. Nilisahau niko wapi. Huku kwetu bibi na mjukuu ni watani. Bibi mmoja akasogea, akapiga benchi kwa kiganja, akamwambia kijana, "Mume wangu, njoo ukae hapa, uniimbie vizuri, usiniaibishe mbele za wake wenzangu." Kanisa zima likacheka, kijana naye akacheka, na aliyekwisha kucheka koo limeshalegea. Sauti ikikwaruza, bibi yupo ameishika nota. Bibi akikata pumzi, kijana ana mapafu ya kukimbizana na mpira, anaendelea. Sijapata kuona mbinu ya kitabuni inayoishinda hiyo.

Kuhusu pumzi za wazee nitasema haraka. Kata mistari. Sentensi ya mapigo kumi na sita igawe iwe ya manane, au wape wazee neno moja la kushikilia wanalopokezana, wawili wanapumua wawili wanaimba.

Na umbo la wimbo wenyewe? Wengi tunakimbilia sauti nne mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndizo tulizofundishwa. Lakini hapa Unyamwezi tulikuwa na jibu zamani. Wapagazi waliotembea kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo na mizigo begani waliimba njiani. Kirangozi mbele anaanzisha, msafara unaitikia. Mwenye nguvu aliimba maneno mengi, aliyechoka aliimba neno moja, na hakuna aliyeachwa nje ya wimbo. Kwa kwaya ya umri mchanganyiko sijui umbo bora kuliko hilo. Mashairi magumu wape vijana, kiitikio kiwe cha wote, na mara ya mwisho tu watoto wapande juu ya kiitikio kwa nota mbili tatu ndefu. Mara ya mwisho tu! Ukiwapandisha tangu mwanzo, ukifika mwisho huna cha kuongeza isipokuwa sauti ya spika.

Maneno sasa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Watoto: wa-TO-to. Ukiweka "wa" kwenye pigo zito na juu, na "to" ukaitupa chini, umeimba kigeni. Nyimbo nyingi tulizorithi zina kasoro hiyo, maneno yetu yalivalishwa tuni za Ulaya, na masikio yetu yamezoea. Lakini tamka mwenyewe: tunapita barabara, kazi imefanywa barabara. Herufi ni zilezile, mkazo umehama na maana imehama nao. Utunzi mpya hauna sababu ya kurudia kosa la zamani.

Na ile M! "Mtu" ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye M. Mpe mtoto M hiyo kwenye nota ndefu ya juu, ataimba "mutu". Utamkemea, ataimba "mutu" kwa huzuni. Si kosa lake, midomo imefungwa, atapazaje sauti? M ipe nota fupi, ya chini au ya katikati, halafu panda kwenye silabi inayofuata. Hivyo hivyo N ya "nchi".

Mkipanga za Kinyamwezi, au za Kiha kwa wenzetu wa Kigoma, kazi inaongezeka, kwa sababu lugha hizo zina toni: neno lina juu yake na chini yake tangu mdomoni mwa mama. Hapo alto haiwezi kushuka wakati soprano inapanda bila neno kuharibika. Sauti zote ziende njia moja, zipande pamoja, zishuke pamoja. Mtunzi Ephraim Amu wa Ghana, aliyezaliwa 1899, alihangaika na jambo hilo hilo katika lugha za kwao. Nanyi msiamini kalamu yenu. Mwimbieni bibi mmoja mstari wa alto peke yake, mwulize amesikia neno gani. Akicheka, rudi nyumbani ukafute.

Kinanda nakiacha kwa leo, kina ugomvi wake.

Nimeambiwa chai iko tayari, lakini hatutoki kabla hatujaimba ule mstari wa Doh F. Wenye miaka zaidi ya hamsini, na vijana wale watatu niliowaona dirishani wakijifanya hawasikilizi, ingieni, benchi la kushoto. Waliobaki mtakuwa watoto. Mama wa kitenge cha njano, wewe hapo mbele, tupe doh. Hapana, mimi sitoi. Toa wewe.