Uzinduzi ni Siku Gani?

Rehema: Karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia mambo matatu, yaani kuchagua siku ya kuzindua bidhaa, kupanga bei ya kuanzia na kuzungumza na wanahabari, lakini Salim ana neno lake tangu Jumatano, kwa hiyo aanze.

Salim: Nimesikitika, dada. Mmeahirisha uzinduzi saa chache kabla ya kufungua, ilhali programu yenu inafanya kazi.

Rehema: Inafanya kazi kwa aliyeizoea. Jumatano jioni nilimkabidhi simu mtu ambaye hakuwahi kuiona programu hiyo, akajaza namba yake, kisha akasubiri ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho. Ulipoingia baada ya dakika nne, alikuwa ameshailaza simu kifudifudi mezani na kuendelea na mazungumzo mengine. Mtu wa namna hiyo halalamiki. Anaondoka tu, na kumrudisha ni kazi kubwa.

Salim: Lakini watu mliowaalika kuijaribu wamekuwa wakicheleweshewa ujumbe huo kwa miezi kadhaa bila kuwaambia ninyi lolote, kwa sababu wanawapenda. Umma usingewaficha kasoro hiyo.

Rehema: Mgeni mmoja amenitosha kuiona hitilafu, sikuhitaji kuwapoteza elfu moja. Itazame Gmail: ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na gigabaiti 1 ya hifadhi, wakati washindani wakitoa megabaiti chache, lakini kwa kuwa seva hazikutosha, watu waliingia kwa mwaliko hadi 2007.

Salim: Hata hivyo ilikuwa imezinduliwa. Mialiko iliuzwa kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni, na watetezi wa faragha waliipinga hadharani mwaka huohuo kwa sababu ya matangazo yaliyotokana na maneno ya barua zenyewe. Bidhaa huwa imezinduliwa pale mtu usiyemjua anapoweza kukuhukumu.

Rehema: Hapana, kaka. Huwa imezinduliwa pale unapopoteza uwezo wa kumwambia mtu asubiri. Gmail ilibaki na uwezo huo, ndiyo maana seva zake hazikuelemewa.

Salim: Na lebo ya majaribio, "beta", iliyodumu kwenye Gmail hadi Julai 2009, wakati mamilioni ya watu waliitegemea kwa kazi zao za kila siku? Lebo ya namna hiyo huilegeza timu, kwa kuwa kila kasoro inapata udhuru.

Rehema: Mimi naiona kuwa ni uaminifu kwa mtumiaji, mradi unamweleza wazi kisichokamilika.

Salim: Mtumiaji haisomi lebo, anaangalia kama barua yake imefika.

Rehema: Basi tunakubaliana kwamba ni lazima ifike kabla hatujamwita.

Salim: Hatukubaliani, kwa sababu kwa kipimo chako kutakuwa na kasoro nyingine wiki ijayo, na nyingine baada ya hiyo, na hutafungua kamwe.

Rehema: Nitafungua ujumbe utakapofika ndani ya sekunde chache. Hicho ni kipimo kimoja, na kinapimika.

Salim: Muda umetubana, bei na wanahabari hatutawafikia leo.

Rehema: Nijibu hili tu. Facebook ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard, ikafunguliwa kwa kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi mnamo Septemba 2006. Ilizinduliwa lini?

Salim: 2004.

Rehema: 2006.