Kabla ya Kununua Spika Nyingine

Wenzangu mnaosimamia maabara za kompyuta, kumbi na ofisi, habari za asubuhi.

Mezani hapa kuna laptopu, sabufa ya kawaida ya 2.1 (kasha la besi na spika mbili ndogo), kebo yenye jeki ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili, na betri moja ya volti 1.5 kama ile ya saa ya ukutani. Ukiongeza simu iliyo mfukoni, vifaa hivyo vinatosha kutuonyesha karibu kila tatizo la sauti limekaa wapi. Nasema "limekaa wapi" kwa makusudi. Spika nzima nyingi hutupwa kwa sababu mtu alianza kutibu kabla ya kujua panapouma: kwanza anachokora mipangilio ya Windows, kisha anapakua draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, kisha anaenda dukani.

Sauti hupita njia ndefu. Inaanza kwenye programu, inaingia Windows, inapita kadi ya sauti, inatoka kwenye tundu, inafuata kebo, inafika kwenye ampu, yaani kikuza sauti kilicho ndani ya sabufa, na mwisho inasukuma spika. Ikate njia hiyo katikati, yaani kwenye jeki. Chomoa jeki kwenye kompyuta, ichomeke kwenye simu au redio, cheza kitu. Ikisikika vizuri, kila kilichopo kuanzia jeki hadi spika ni kizima, kwa hiyo achana na sabufa. Isiposikika, kompyuta haina kosa la kujibia bado.

Simu haina tundu la jeki? Punguza sauti ya sabufa iwe chini, kisha gusa ncha ya jeki kwa kidole. Ukisikia mvumo, ampu ni hai na kebo inafikisha ishara. Fanya hivyo kwenye jeki ya ishara tu, kamwe si ndani ya kasha la sabufa, maana humo umo umeme wa ukutani.

Na kabla hata ya hayo, tazama sabufa iko kwenye hali gani. Sabufa za siku hizi zina redio, USB, Bluetooth na AUX (mlango wa kebo), na nyingi umeme ukikatika na kurudi huamkia Bluetooth au USB. Kebo imechomekwa vizuri, kompyuta inacheza, lakini sabufa inasikiliza mlango mwingine. Bonyeza kitufe cha kubadilisha hali hadi kioo kiandike AUX.

Sasa tuseme simu imesikika, kwa hiyo tatizo liko kwenye kompyuta. Hapo tena tunakata njia katikati. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha linalofunguka lina orodha ya milango yote ya sauti, na kila mlango una vipimo vya kijani pembeni. Cheza wimbo huku ukivitazama. Vikipanda na kushuka kwenye mlango fulani, Windows inatoa sauti na inaipeleka huko. Kilichobaki ni kuuliza kama huko ndiko sabufa ilikochomekwa. Mara nyingi siko. Ukichomeka projekta au skrini kwa HDMI, Windows huweza kuhamishia sauti huko yenyewe, hata kama skrini haina spika. Chagua mlango wa spika, bonyeza Set Default, na sauti inarudi papo hapo.

Vipimo visipocheza popote, sauti haijafika hata mlangoni. Angalia kwanza programu yenyewe: kivinjari kinaweza kuwa kimenyamazishwa kwenye ukurasa mmoja tu, na programu ya mikutano ina mipangilio yake ya spika isiyofuata ya Windows. Kama programu zote ziko kimya, fungua services.msc kwa njia ileile ya Windows na R, tafuta Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder, uzianzishe upya. Draiva iwe ya mwisho. Kama sauti ilipotea baada ya Windows kujisasisha, ingia devmgmt.msc, fungua sifa za kadi ya sauti, jaribu Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, chagua kusakinisha draiva kutoka orodha iliyomo kwenye kompyuta na uchukue ile ya jumla iitwayo High Definition Audio Device. Haina mapambo, lakini kwa kadi nyingi inatoa sauti safi na haihitaji intaneti, jambo kubwa kwa maabara ya shule.

Kwa kompyuta za mezani kuna mawili ya kuongeza. Tundu la spika nyuma ni la kijani. Waridi ni la maikrofoni na bluu ni la kuingiza sauti. Na tundu la mbele lisipotoa chochote wakati la nyuma linafanya kazi, fungua kasha uone kama waya mdogo ulioandikwa HD AUDIO umechomekwa kwenye ubao mama. Aliyeunganisha kompyuta huenda aliusahau.

Nataka tukae zaidi kwenye kebo, kwa sababu hapo ndipo pana tatizo linalowachanganya hata mafundi wazoefu: muziki unasikika, ngoma ziko, vinanda viko, ila mwimbaji hayupo. Au kwenye semina, video inatoa muziki wa utangulizi vizuri, msemaji akianza sauti inazama kama anaongea chini ya maji. Watu hulaumu video. Video haina kosa.

Jeki ya kawaida ina sehemu tatu. Ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni waya wa pamoja, njia ya kurudi ya pande zote mbili. Sauti ya mwimbaji au msemaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia, huku vyombo vingine vikigawanywa. Waya wa pamoja ukikatika au usipogusa, ampu haioni tena kushoto na kulia kila kimoja peke yake, inaona tofauti kati yao. Kilicho sawa pande zote kinajifuta. Ndiyo maana anayepotea ni mwimbaji.

Sababu ya kwanza ni jeki isiyoingia hadi mwisho, hasa kwenye laptopu iliyovikwa kava nene. Isukume mpaka ilie "tik". Sababu ya pili ni waya uliokatika kwenye shingo ya jeki. Ukunje taratibu huku taarifa ya habari ikicheza, na mtangazaji akija na kupotea umempata mhalifu. Tumia maneno kwa jaribio hili, usitumie muziki, maana muziki unaficha. Sababu ya tatu iko kwenye kumbi: mtu ananunua kebo ya jeki ya stereo inayoishia kwenye plagi ya pini tatu ya maikrofoni na kuichomeka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Tundu lile limeundwa kuchukua tofauti kati ya waya mbili, kwa hiyo linaondoa kulia kutoka kushoto na msemaji anafutika hata kama kebo ni mpya kabisa. Dawa ni kebo inayogawanya kushoto na kulia kwenye chaneli mbili za mikisa. Ukiwa na chaneli moja tu, usizisokote waya mbili pamoja, maana hapo kushoto na kulia vitasukumana ndani ya kadi ya sauti. Lehemu resista ya omu 470 kwenye kila moja kisha uziunganishe baada ya resista.

Mvumo nao una lugha yake. Umeme wetu Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde. Chomoa kebo ya ishara nyuma ya sabufa, iache sabufa ikiwaka peke yake. Mvumo ukibaki vilevile hata ukishusha sauti hadi sifuri, uko ndani: mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchuja umeme zimechoka, na mvumo wake huwa wa mizunguko 100, mara mbili ya umeme wenyewe, mzito na usiobadilika. Kapasita iliyovimba kichwani inajionyesha. Fundi anayebadilisha aweke yenye mikrofaradi zilezile au zaidi kidogo, na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani. Aichomoe sabufa ukutani na kuitoa chaji ile ya zamani kwa resista kabla ya kuigusa.

Mvumo ukiisha baada ya kuchomoa kebo, rudisha kebo kisha chomoa chaja ya laptopu. Ukinyamaza hapo, tatizo liko kwenye njia za ardhi: laptopu na sabufa zinapata ardhi kwa njia mbili tofauti, na tofauti ndogo ya volti kati yake inapita kwenye kebo ya sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, kuna kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndani kinachowekwa katikati ya kebo na kukata njia hiyo. Vya bei ya chini hupunguza besi kidogo, lakini mvumo unaondoka.

Nawaomba kwa moyo wote: msikate wala kuivunja pini ya ardhi, ile kubwa ya juu kwenye plagi zetu za pini tatu. Mvumo utapungua kweli, na siku kifaa kikivuja umeme, kasha la chuma litakuwa na volti 230 likimsubiri mtu wa kuligusa.

Mchakacho mkavu kama upepo, usio mvumo, hutokana na sauti ya kompyuta kuwekwa asilimia 20 na sabufa kufunguliwa hadi mwisho. Geuza: kompyuta 80 au zaidi, sabufa theluthi. Mikwaruzo inayotokea tu ukizungusha kitufe cha sauti ni vumbi ndani ya kitufe. Dawa ya kusafishia viungo vya umeme inaiondoa. Spika ya USB inayokatakata iondoe kwenye habu, kile kigawanyi cha USB, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta.

Bluetooth ikigeuka ghafla kuwa na sauti ya simu ya zamani, kuna programu imefungua maikrofoni ya spika hiyo, na muunganisho umehamia hali ya mazungumzo. Kwenye programu ya mkutano chagua maikrofoni ya laptopu, sauti itapanuka tena.

Betri hii sasa. Zima sabufa, toa waya za spika moja, gusisha betri kwa sekunde moja. Spika nzima italia "pwa". Chanya ikigusa waya mwekundu, koni, ule uso wa spika unaotikisika, husogea nje. Ikiingia ndani, waya zimegeuzwa, na ndiyo sababu besi ilikuwa nyembamba spika mbili zikicheza pamoja. Ukirudisha, hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa shaba unaovuka kwenda upande wa pili.

Kuna aliyeuliza kuhusu laptopu yenye tundu la USB-C tu. Vigeuzi vya kupeleka jeki huko viko aina mbili. Kimoja kina chipu inayotengeneza sauti ndani yake, na hicho hufanya kazi kwenye laptopu nyingi. Kingine ni waya tupu, kinategemea kifaa kitoe sauti yenyewe kupitia tundu hilo, na laptopu nyingi hazifanyi hivyo. Dukani vinafanana kwa sura. Kichomeke kwenye kompyuta na ufungue mmsys.cpl: chenye chipu kitaonekana kwenye orodha kama mlango mpya. Kisipoonekana, mrudishie muuzaji kabla hujatoka dukani.