Mbuzi Kala Kitabu: Kumfundisha Mgeni Kiswahili kwa Hadithi

Shikamooni walimu wangu mlionitangulia, na nyie wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mbinu za kufundisha Kiswahili kwa wageni. Nitashika moja tu, maana muda ni mfupi na chai inatungoja: hadithi.

Wengi wetu tukipata mwanafunzi mgeni, wiki ya kwanza salamu, wiki ya pili jedwali la ngeli ubaoni. Analinakili vizuri, kwa kalamu za rangi mbili. Baadaye yuko sokoni, muuza nyanya anamuuliza, "Nikufungie mafungu mangapi?" Kaganda. Anatafuta ngeli ya fungu.

Mwanaisimu Stephen Krashen wa Chuo Kikuu cha Southern California alisema mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lugha tunaipata tunapoelewa ujumbe uliozidi kidogo tu kile tunachokijua. Kanuni tulizokariri hutufaa kujisahihisha tukiwa na nafasi, kama kwenye mtihani. Katika maongezi hazituwahi. Wataalamu wamembana sana, hasa wakisema hicho "kidogo tu" hakipimiki. Kwenye karatasi, kweli hakipimiki. Darasani mwalimu anakipima kila siku kwa kuangalia nyuso.

Kabla yake, James Asher, mwanasaikolojia wa San José, alifundisha kwa amri: simama, nenda mlangoni, gusa meza. Mwili unatenda, maana inaingia. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko huko California, aliifuata njia hiyo, lakini amri huchosha upesi, na nani atakaa naye mtu anayejua kuamrisha tu? Akaingiza hadithi, tena hadithi ambayo darasa lenyewe linaitunga kwa kujibu maswali.

Tazameni inavyokwenda. Naandika ubaoni "anataka", "amekula", "kiko wapi", na maana zake kwa lugha ya wanafunzi, bila kuona haya. Kisha, polepole:

"Kuna mbuzi. Mbuzi ana njaa. Anataka chakula. Je, mbuzi anataka chakula?" Ndiyo. "Anataka chakula au anataka gari?" Chakula. "Nani anataka chakula?" Mbuzi. "Anataka chakula gani?" Hapo nanyamaza, kwa sababu jibu ni lao. Mmoja anasema: kitabu! Haya, kitabu. Cha nani? Cha mwalimu. Kikubwa au kidogo? Kikubwa. Kiko wapi? Mezani. Lahaula, mbuzi amekula kitabu! Amekila chote? Chote! Kimeliwa chote?

Mmesikia? Cha, kikubwa, kiko, chote, kimeliwa. Ngeli ya KI-VI imepita masikioni mwao tena na tena, na neno "ngeli" halijatajwa. Na kwa nini mbuzi "amekula" wala si "imekula"? Kwenye jedwali swali hilo hutumalizia nusu kipindi. Humu hakuna aliyeliuliza.

Mtaniambia bibi zetu walikuwa wakifanya hivi hivi: paukwa, pakawa, msikilizaji anaitikia, wimbo unarudi kila mnyama anapopita. Ni kweli. Ila msikimbilie kumpa mgeni ngano za Sungura na Fisi wiki ya kwanza. Zile zilikuwa za watoto ambao Kiswahili wanacho tayari. Zimejaa maneno yanayotokea mara moja na kupotea. Mgeni anataka maneno machache yanayorudi.

Kuna pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Mwaka 1985 mwanaisimu Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi. Walikielewa vizuri sana, lakini wakisema na kuandika sarufi ilikuwa inachechemea. Akasema kusikia pekee hakutoshi; mtu lazima asukumwe kutoa lugha. Nakubaliana naye, na ndiyo maana simwachi mwanafunzi akae kimya muhula mzima. Nabishana tu juu ya lini. Huko Fiji, mwaka 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila darasa, darasa la nne na la tano, shule za vijijini, watoto wakijifunza Kiingereza. Mwaka wa kwanza vilivyopanda kwa kasi mara mbili ya kawaida ni usomaji na usikivu. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye kuandika. Kuelewa kulitangulia, mengine yakafuata.

Sasa, sisi vitabu vyepesi vya Kiswahili vya kumpa mgeni mtu mzima ni vya kutafuta kwa tochi. Basi tuviandike. Kipindi kikiisha, iandike hadithi iliyotungwa na darasa, ukurasa mmoja, maneno yale yale, badilisha jambo moja au mawili: safari hii mbuzi amekula pasipoti. Kesho waisome, kesho kutwa waisimulie wenyewe. Wakikosea upatanisho, usiwakatize. Irudie sentensi yao ikiwa sahihi, kwa mshangao, kisha uliza swali linalofuata.

Karibuni maswali, nianze na mwalimu pale nyuma.